Shimo Hili Uliliweka kwa Nini?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii nilikuwa nikiikariri tu kwa ajili ya mtihani, hadi iliponiumbua mimi mwenyewe mbele ya wenzangu.

Wasomaji wapenzi, kisa chenyewe kilikuwa hivi. Muhula uliopita, chama chetu cha kompyuta kilimtaka kila mwanachama abuni hatua moja ya mchezo wa video, ile michezo ya kijitu kinachokimbia na kuruka mashimo. Mimi kwa uvivu wangu sikushika hata kalamu. Niliiandikia programu ya akili bandia maneno mawili matatu, na kufumba na kufumbua ikanitolea hatua nzima: mashimo, kuta, maadui na sarafu. Nikajipiga kifua. Eti mimi ni fundi!

Siku ya maonyesho ikawadia. Mwenzangu akacheza, akaanguka kwenye shimo la tatu. Akarudia, akaanguka tena. Kumbe kijitu kiliweza kuruka miraba 4 tu, na shimo lilikuwa la miraba 6! Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Shimo hili uliliweka kwa nini?" Nikanyamaza kama maji mtungini. Wenzangu wakaangua kicheko. Ningejibu nini, na shimo lenyewe si langu?

Baadaye Mwalimu alitueleza kwamba Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa kampuni ya Nintendo, huko Japani, walichora hatua za Super Mario Bros., mchezo uliotoka mwaka wa 1985, kwa mkono kwenye karatasi za miraba. Adui wa kwanza yuko pale mwanzoni ili mchezaji ajifunze kuruka bila kufundishwa. Alitutajia pia Tanagra, programu ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliitangaza mwaka wa 2010. Humo mtu huweka vipande anavyotaka, nayo kompyuta hujaza palipobaki na kuhakikisha kuwa hatua inapitika. Yaani kila mmoja na kazi yake.

Basi nikapiga moyo konde. Nilichukua karatasi ya grafu nikachora njia yangu ya kuja shuleni: mtaro wa nyuma ya soko, mbwa wa jirani, daraja la mbao, na lango linalofungwa saa moja na nusu asubuhi. Kisha nikaiomba ile programu ikague kila mruko. Ikasema daraja halifikiki. Nikahesabu kwa kidole, nikaona ni kweli, nikalisogeza. Ikapendekeza mbwa aondolewe, eti pale ni pagumu mno. Hapo nilikataa katakata! Mbwa yule ndiye aliyenifunza mbio.

Dada yangu mdogo alipoicheza alipiga kelele, "Kaka, si huu ni ule mtaro wetu!" Alitumbukia mara tano, mara ya sita akavuka, akarukaruka kwa furaha.

Sasa Mwalimu akiniuliza tena, jibu ninalo. Mtaro niliuweka kwa sababu mimi mwenyewe nilitumbukia humo nikiwa kidato cha kwanza, tena na sare mpya. Kompyuta ilinisaidia kupima upana wake, lakini kulowa nililowa mimi.

Wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ila tukiitumia akili bandia, tuhakikishe kidole chetu nacho kimo.