Anna Binti Per

Bibi ya watoto wetu ni Mswidi. Tulipoandika nasaba yake kwenye intaneti, tuliwapa wake wote majina ya waume zao. Aibu ilioje kwetu, watu wa bin na binti! Zamani kule Anna Persdotter, yaani Anna binti Per, aliolewa na jina lake likabaki. Kaka yake ni Persson. Askari naye huenda akapewa jina jipya jeshini, kama Rask, ndugu zake wakabaki na la baba. Sheria ya 1901 ndiyo iliyosukuma majina ya kudumu ya ukoo.

Tulipomwita Anna Andersson, tukamchanganya na Anna mwingine, tukamwandikia watoto wasio wake. Sasa jina la kuzaliwa linatangulia; Per, Pehr na Petter tunayaweka kwenye majina mengine. Wale watoto bado tunawatafutia mama yao.