Kaunta ya mawe na shombo la samaki

Mama wa Mugango hupata sato mbichi kutoka ziwani, na ndimu haikosi pembeni. Lakini akiwa amejenga jiko lenye kaunta ya mawe, shombo likimkera mkono hukimbilia ndimu, siki au jiki.

Ndimu na siki ni asidi. Marumaru ya asili imeumbwa na chokaa, hivyo asidi huila na kuacha doa lililofifia ambalo kusugua hakuliondoi. Graniti huvumilia zaidi, ila nayo hunywa mafuta isipopakwa dawa ya kuziba vitundu.

Kubwa kuliko doa ni afya. Jiki ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hushuka chini, mahali mtoto anapotambaa.

Samaki akatwe juu ya ubao. Kaunta ifutwe kwa maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na kitambaa laini, kisha isuuzwe na kukaushwa. Shombo litaondoka. Chupa ya jiki ikae juu, mbali na mkono wa mtoto.