Njia haiuawi na mvua

Kisangani, jimbo la Tshopo. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, upande wa kushoto wa mto Kongo, katika komini ya Lubunga, mama mmoja anafika kwenye njia ya udongo, kikapu mgongoni na viatu mkononi. Yeye ni mhami. Tangu mzozo kati ya jamii za Wambole na Walengola ulipolipuka mwaka 2023, analala na watoto wake kwa ndugu, ng'ambo ya mto. Siku ambazo usalama unaruhusu, anavuka kwa mtumbwi kwenda kuangalia shamba lake la muhogo.

Mbele yake mwanzi mrefu umelazwa toka ukingo mmoja wa njia hadi mwingine. Ni kizuizi cha mvua, ambacho wengi hapa wanakiita bariere. Mzee anayekilinda ameketi kando. Kijana mmoja wa toleka ameegemeza baiskeli yake iliyojaa magunia ya makala. Nyuma yake lori limezima injini.

"Mama, pita," mzee anasema. "Miguu yako haina uzito wa lori. Lakini pita katikati, usizunguke."

"Katikati kuna matope, Papa."

"Matope utayanawa mtoni."

Dereva wa lori hafurahi. Amebeba ndizi na zinaiva. Anasema kila saa anayokaa pale ni hasara, na hasemi uongo. Mzee anamwonyesha kwa fimbo mahali njia inapopinda: wiki iliyopita mwenzake alipita usiku wakati udongo ulikuwa bado umelowa. Alipopita sasa kuna shimo linalofika magotini. Mama analijua vizuri shimo hilo. Tangu lichimbike, watu wa toleka wanamdai bei kubwa zaidi kumteremshia muhogo wake mpaka mtoni.

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hakuna mwezi unaokosa mvua. Inapungua kidogo Januari na Februari, na tena katikati ya mwaka. Kuanzia Septemba hadi Novemba inarudi kwa nguvu. Kwa mwaka mmoja inapita milimita 1,600. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema atangojea kiangazi ndipo alinde njia. Inabidi kuilinda katikati ya mvua.

Njia iliyotengenezwa vizuri ina mgongo: katikati imeinuka kidogo ili maji yateremke pande zote mbili na kuingia katika mifereji. Gurudumu zito likipita udongo ukiwa laini, linachimba mfuo. Mvua inayofuata haiendi tena kwenye mfereji, inafuata mfuo huo na kuuchimba zaidi. Lori la pili linakwama, watu wanatupa magogo chini ya magurudumu, wanachimbua, wanasukuma. Wakiondoka, mgongo wa njia umevunjika. Lakini udongo ule ule, ukiachwa masaa kadhaa upigwe na jua, unakuwa mgumu tena na unabeba mzigo.

Kwa njia ya miguu, kinachoharibu ni kuogopa kuchafuka. Wa kwanza anazunguka dimbwi, wa pili anazunguka alipokanyaga wa kwanza, wa tatu anaingia shambani kwa mtu. Njia ya hatua moja inapanuka kama uwanja, mizizi ya miti inabaki wazi, na dimbwi bado lipo palepale. Ni hivyo pia kwenye vijia vya msitu wa Masako, kilomita zipatazo 15 kutoka mjini kwenye barabara ya zamani ya Buta, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanakwenda kusoma msitu, na hata kwenye vijia vya kando ya mto ambako familia zinatembea siku ya Mungu kuangalia maporomoko ya Wagenia. Anayekwenda kutembea tu anaweza kuahirisha mpaka pakauke. Mwenye shamba hawezi, na kwake shauri la mzee linatosha: apite katikati.

Wazee wanakumbuka makantonye, watu wa vijijini waliokata majani na kufungua mifereji, kila kijiji na kipande chake cha barabara. Leo, mahali kwingine, kamati za wenyeji zinafanya kazi hiyo kwa jembe na koleo. Pale ambapo hakuna anayeifanya, hata barabara ya taifa namba 4, inayotoka Kisangani kupitia Bafwasende na Nia-Nia kuelekea Beni, malori yanakwama siku nyingi na bei sokoni zinapanda.

Lakini bariere inafaa tu ikiwa watu wanaiamini. Kuna mahali ambapo mwanzi umegeuka kuwa sanduku la pesa: anayetoa franga anapita hata katika matope, asiyetoa anangojeshwa hata jua likiwaka. Hapo watu wanajifunza kuuchukia mwanzi, kisha wanaupita usiku. Kizuizi cha haki kinafungwa kwa wote wenye magurudumu, na kinafunguliwa kwa wote udongo ukishakauka.

Kwa familia za wahami jambo hili si dogo. Siku ya kurudi nyumbani ikifika, watarudi kwa njia hizi, na magodoro, masufuria na wazee wasioweza kutembea. Njia ikikatika leo, siku hiyo hakutakuwa na baiskeli wala lori litakalofika mlangoni.

Alasiri mama anarudi, kikapu kimejaa sombe. Mwanzi umeinuliwa. Lori limeshapita, na magurudumu yake yameacha alama tu, hayakuacha shimo. Mzee ameinama, anatoa majani yaliyoziba mfereji. Mama anatua kikapu, anaokota fimbo na kumsaidia kidogo. Maji yanaanza kuteremka. Kisha anabeba kikapu chake na kushuka mtoni, kabla mtumbwi wa mwisho haujaondoka.