Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Mpenzi msomaji, methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha zetu ili mwalimu atuongezee alama. Lakini mimi nimeonja maana yake mwaka huu, pale aila yetu ilipokaa siku tatu nzima ikibishana juu ya jambo ambalo wengi mtaliona la anasa tupu: tukienda Unguja, tulale hoteli gani?

Najua wapo watakaocheka. Mwanafunzi wa shule ya kutwa, anayegombania nafasi ya kusimama kwenye feri ya Likoni kila alfajiri, ameanza lini kuchagua hoteli za ufuoni? Subira, ndugu zangu. Hoteli haikuwa yangu wala pesa hazikuwa zangu. Pesa zilikuwa za mjomba, kaka yake mama, ambaye ameendesha malori Doha kwa miaka sita kwenye jua ambalo, kwa maneno yake, "lakaanga yai juu ya boneti." Alirudi likizoni mwezi wa Julai akiwa na azma moja. Alitaka kumpeleka mamake, yaani nyanya yangu, akakae ufuoni siku nne kama mgeni mtukufu, asipike, asifue, asichote maji.

Nyanya ni mzaliwa wa Jambiani, kijiji kilichoko pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa kusini. Aliondoka huko mwaka 1962 akiwa msichana wa miaka 17, akaletwa Likoni kuolewa. Tangu hapo alirudi mara moja tu, mwaka 1979, kumzika mamake. Sasa ana miaka 80 na goti la kulia halikunjiki. Nyumbani hakuna aliyetamka, lakini sote tulijua kuwa safari hii haingekuwa na ya pili. Ndiyo maana ubishi ulikuwa mkali.

Mjomba alikuwa amekwisha kuchagua. Alitutolea simu tuone picha za hoteli kubwa ya kaskazini, karibu na Nungwi. Ukifika wavishwa bangili ya plastiki mkononi, na kuanzia hapo chakula na vinywaji ni wewe tu na tumbo lako. Kidimbwi cha kuogelea kilikuwa kikubwa kama uwanja wetu wa voliboli. "Rafiki zangu wawili wa Doha wamelala hapo," akasema. "Kila aliyekwenda asifu. Mamangu amenilea kwa kuuza mahamri. Nitampeleka mahali pa bei rahisi mimi?"

Mama naye alitaka hoteli ya Mji Mkongwe. Hoja yake ilikuwa ya mtu mzima. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu, misikiti iko kila kona, na jioni mtu anaweza kujivuta mpaka Forodhani akapunga upepo. Lakini nyumba nyingi za mji ule ni za ghorofa na ngazi zake ni za kale, nyembamba na zimesimama wima. Kwa goti lile? Labda abebwe mgongoni.

Hoteli ya tatu haikuwa na wakili. Ilikuwa nyumba ya wageni ya vyumba sita huko huko Jambiani. Picha zake ziliharibu mambo, maana nusu yake zilionyesha mchanga mtupu, bahari imekwenda zake, na mashua zimelala ubavu kama mbuzi wenye usingizi. "Hii ni hoteli ya pwani au ya jangwani?" akauliza mjomba. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiwe msomi wa Jiografia hapa. Tuandikie hesabu yake tuione."

Basi nikachukua daftari. Sikutaka kuandika sifa, maana sifa kila hoteli inazo. Niliandika yale ambayo hoteli haiwezi kuyabadilisha hata ikipaka rangi mpya.

La kwanza ni umbo la pwani. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kule ncha ya kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari huingia kina karibu na ufuo, kwa hivyo mtu aweza kuogelea karibu saa zote za mchana. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Makunduchi, mambo ni mengine. Huko mwamba wa matumbawe umejipanga mbali na nchi kavu, na kati ya mwamba na ufuo maji ni haba. Yakipwa, unaweza kutembea kwa miguu karibu kilomita nzima kabla hujafika penye mawimbi. Hapo ndipo wageni hupandwa na hasira kwamba wamelipia bahari, na bahari yenyewe haipo.

La pili ni mwezi. Hili sisi wa Likoni hatuhitaji kitabu. Maji yakipwa, njia ya kushukia feri huwa mteremko wa kutisha, na mkokoteni wa mihogo hushikiliwa na watu watatu usije ukaruka baharini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa mno na kupwa mno, na tofauti yake hufika kama mita 4. Baada ya wiki moja huja maji mafu, nayo hayendi mbali wala hayaji juu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Katika pwani zetu, siku za bamvua maji hupwa mwendo wa saa nne asubuhi na kujaa mwendo wa saa kumi jioni. Mgeni anayeamka asubuhi siku hizo na taulo begani huko mashariki atakuta mchanga. Angekuja wiki moja baadaye, saa hiyo hiyo angekuta maji.

La tatu ni upepo. Likizo yetu ni Agosti, wakati wa kusi, na kusi huipiga pwani ya mashariki bila huruma. Vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara hukimbilia Paje kwa sababu hiyo. Kendwa, iliyoko upande wa magharibi, imejificha kidogo.

La nne ni bei. Ile ya kaskazini ilikuwa shilingi 28,000 za Kenya kwa chumba kwa usiku, na ile ya Jambiani 7,500 pamoja na chai ya asubuhi.

Ukisoma karatasi yangu bila upendeleo, Nungwi ilikuwa inashinda. Maji yapo, upepo si mkali, na mjomba alikuwa radhi kulipa. Tulikuwa tumebakisha kutuma pesa. Ndipo nikasema, "Lakini mwenye safari bado hatujamuuliza."

Nyanya alikuwa uani juu ya mkeka akichambua mchicha. Nikamsomea karatasi yote, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Huko kaskazini kwenye hoteli, wanawake washuka pwani?"

"Mama, huko ni kwa watalii," mjomba akamjibu. "Wewe utakaa kitini, uletewe dafu, uiangalie bahari."

"Bahari ya kuangalia ninayo hapa Likoni. Mie nataka kuikanyaga." Akaweka bua la mchicha kando. "Hiyo mnayosema imekauka ndiyo bahari niliyolelewa. Ikijaa ni ya wanaume, wenye vyombo. Ikipwa ni yetu."

Mjomba alinyamaza. Baadaye alikwenda nje kuvuta hewa, na aliporudi akaniambia nipige simu Jambiani. Nikapiga, nikauliza maswali ambayo picha hazijibu: Kuna ngazi? Kutoka kitandani mpaka mchangani ni hatua ngapi? Stima ikikatika kuna jenereta? Aliyepokea alicheka, kisha akaenda kuhesabu kweli. Akarudi akasema hakuna ngazi, hatua ni 40, na jenereta lipo ila huzimwa saa sita usiku. Kwa pesa zilizobaki, mama akataka jambo moja: gari la kukodi lililale mlangoni siku zote nne, ili goti likileta matata tufike Mnazi Mmoja haraka. Hapo kila mmoja akawa amepata chake.

Tulifika siku mbili kabla ya mwezi kuwa mpevu, yaani nilipanga hivyo makusudi. Siku ya pili asubuhi, mwendo wa saa tatu, bahari ilikuwa imekwenda kabisa. Mjomba alisimama ufuoni na kaptura yake mpya na taulo begani. "Sasa niogelee wapi, kwenye tope?" Tukacheka mpaka machozi. Nyanya alikuwa ametangulia, mkono mmoja kwenye mkongojo, wa pili begani kwangu, miguuni viatu vya mpira kwa ajili ya wale wadudu wa miiba mirefu.

Tulipofika katikati akasimama ghafula. Mbele yetu kulikuwa na vigingi vimepangwa mistari, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na wanawake wameinama kana kwamba wanapalilia. "Hii ni nini? Shamba ndani ya bahari?" Kumbe ni mwani. Kilimo hicho kilianza huko Jambiani na Paje mwaka 1989, miaka kumi baada ya safari yake ya mwisho, kwa hivyo hata yeye mzaliwa alikuwa mgeni. Mama mmoja alinyoosha mgongo, akamwamkia, akamweleza. Mwani huanikwa, huuzwa ng'ambo, na utomvu wake hutiwa katika dawa za meno na aiskrimu ili zishikane. Lakini siku hizi maji yamekuwa ya moto na ile aina ya bei nzuri hufa. Nyanya akamuuliza habari za chaza, za pweza, na kama makumbi ya nazi bado yafukiwa mchangani kwa ajili ya kusokota kamba. Wakazungumza mpaka maji yakaanza kurudi na kutulowesha vifundo. Sijapata kumwona nyanya akisema maneno mengi namna ile.

Mambo hayakuwa asali tupu. Mahali palipokuwa na nyumba ya baba yake pamesimama ukuta wa hoteli nyingine. Nduguze waliuza zamani, kwa halali yao, hakuna aliyedhulumiwa. Tulipoukaribia ukuta, askari wa mlangoni akamuuliza nyanya kwa adabu kama yeye ni mgeni wa hoteli. Nyanya hakujibu. Alinyamaza mpaka tulipofika chumbani, na mimi sikuthubutu kusema kitu. Siku ya tatu goti likavimba, akalala kutwa, na mama akasema, "Si nilisema mimi?" Upepo ulitutia mchanga hata kwenye wali. Usiku mmoja stima ilikatika tukalala gizani. Mambo hayo huenda yasingetupata katika hoteli ya bangili.

Wala siibezi hoteli hiyo. Siku hiyo ya tatu mjomba alichukua gari, akaenda Nungwi, akaogelea mpaka akashiba, akarudi jioni macho mekundu na furaha tele. Miaka sita ya jua la Doha, naye ana haki ya maji yake. Bahari ya Nungwi ilimfaa mjomba, ya Jambiani ikamfaa nyanya.

Wanafunzi wenzangu, mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na huku kwetu Kenya pia ajira nyingi za pwani ziko kwenye hoteli. Wengine wenu mtakuwa wapokezi, wapishi, madereva na, inshallah, wenye hoteli. Wengine mtakuwa wageni. Mkichagua, msitazame picha peke yake. Ulizeni ni mwezi gani, kusi au kaskazi. Ulizeni siku hizo mwezi angani ni mwandamo au mpevu. Ulizeni ngazi na hatua. Na mkiwa ndio wenye hoteli, msimfiche mgeni kwamba maji hupwa. Mwambieni saa yake, mwelezeni ni akina nani wanaofanya kazi pale maji yakiondoka, na wekeni njia ya wanawake hao kupita. Maji yakijaa hupwa. Ni methali, na pia ni ratiba.

Na kama safari ni ya mzee wenu, kabla ya kutuma pesa muulizeni yeye.