Brigedi moja, sheria mbili

Nilikuwa nyumbani Bonga, mbaazi zinavunwa, na mtoto wa mkulima hakai kibarazani wengine wakiwa shambani.

Jioni moja nilikaa na baba mdogo, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa Kongo mwaka 2013. Nikamuuliza jambo ambalo sisi wa Bonga, pamoja na jina la kijiji chetu, hatulibongi: jeshini mashoga wapo?

Akacheka. "Mwanangu, hayo ndiyo mliyofundishwa chuoni?"

Nikamweleza kinachonisumbua. Ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda M23 ilikuwa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Afrika Kusini, katiba ya mwaka 1996 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia anayoipenda, na jeshi lao linaifuata. Enzi za makaburu mambo yalikuwa mengine kabisa: vijana walioandikishwa kwa lazima, wakishukiwa ushoga, walipelekwa wodi namba 22 ya hospitali ya jeshi karibu na Pretoria, na wapo waliopigwa shoti za umeme eti wapone.

Kwetu kuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu: miaka 30 hadi maisha. Sheria tuliachiwa na Waingereza, ukali tukauongeza wenyewe mwaka 1998. Waingereza hao hao waliondoa marufuku jeshini mwao Januari 2000, baada ya wanajeshi waliofukuzwa kushinda kesi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. (Hapa huwa nacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha.)

Kwa hiyo kule Goma, askari wa Afrika Kusini angeweza kumtaja mwenzi wake bila kuogopa sheria ya kwao. Wa kwetu je?

Baba mdogo alinyamaza mpaka chai ikapoa.

"Alikuwepo mmoja. Tulijua, hakuna aliyesema. Risasi zilipoanza, ndiye aliyembeba mwenzetu mgongoni. Ningesema nini?"

Nikauliza yuko wapi sasa. Alistaafu, analima. Hajaoa, na kila Krismasi ndugu zake humuuliza lini.

Kazini siondoki kwa mtu bila kuuliza jina. Safari hii nilimwongezea mzee chai.