Jumapili Horowitz Aliporudi Moscow

Siku tano kabla ya Jumapili hiyo, ndege za Marekani zilikuwa zimepiga Tripoli na Benghazi. Bwenini kwetu Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, mtaa wa Miklukho-Maklaya, watu hawakulala. Wanafunzi wa Libya walikesha na redio, na sisi wengine tukakesha nao. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 20 Aprili 1986, rafiki yangu wa Kirusi aliponijia na kuniambia nivae koti twende kumsikiliza Mmarekani akipiga piano, nilimkatalia.

"Si Mmarekani," akasema. "Ni wetu. Amerudi."

Rafiki huyo alikuwa akisomea fidla Konsavatori ya Moscow. Siku mbili nyuma, Ijumaa, Vladimir Horowitz alikuwa amewafungulia wanafunzi mazoezi yake, na kijana yule alitoka huko hana usemi. Sasa alitaka kusikia tena, kwa njia yoyote. Tiketi hatukuwa nazo. Zilizouzwa kwa watu wa kawaida zilikuwa chache tu; viti vingi vilikwenda kwa mabalozi na wakubwa wa chama.

Njiani, ndani ya metro, alinisimulia habari za mzee. Kazaliwa Kiev mwaka 1903. Mwaka 1925 aliruhusiwa kwenda Ujerumani kusoma, na inasimuliwa kwamba alivuka mpaka na fedha za kigeni kazificha viatuni. Hakurudi. Baba yake, mhandisi, alikamatwa zama za Stalin akafia kambini. Ilibidi Reagan na Gorbachev wakutane Geneva, Novemba 1985, na nchi zao zitiliane saini mkataba wa kubadilishana wasanii, ndipo mzee wa miaka 82 akapata njia ya kurudi. Miaka 61 ilikuwa imepita.

Nje ya Konsavatori, pale alipokaa Tchaikovsky wa shaba, umati ulijaa hadi barabarani. Polisi walishikana mikono. Magari ya ubalozi yalipoanza kuingia, geti likafunguliwa, na hapo hapo vijana wa Konsavatori wakasukuma kwa pamoja. Rafiki yangu alinishika mkono wa koti. Nakumbuka ngazi, viatu, mtu akipiga kelele nyuma yetu, kisha ghafla tumo ndani, juu kabisa roshanini, tumebanana kwenye vidato pamoja na mamia ya wengine. Hakuna aliyethubutu kututoa. Ukutani, watunzi wa zamani walitutazama kutoka kwenye picha zao za umbo la yai.

Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kirusi, mkoba kaukumbatia kifuani. Aliponiona ninahema akanisogezea nafasi. "Kaa, mwanangu," akasema. "Mimi nilimsikia Leningrad, nikiwa msichana."

Sikujua wakati ule uzito wa neno lake. Baadaye nilisoma kwamba katika msimu wa 1924 na 1925 Horowitz alipiga Leningrad zaidi ya mara 20. Ilikuwa miaka ya dhiki. Mara nyingine malipo yake yalikuwa mkate, siagi na chokoleti.

Saa kumi jioni akatoka. Mzee mwembamba, tai ya kipepeo shingoni, anatembea kwa hatua fupi na kucheka na watu kama aliyeingia harusini. Piano ilikuwa yake mwenyewe, Steinway iliyotolewa sebuleni kwake New York na kusafirishwa kwa ndege, na fundi wake Franz Mohr alikuja nayo. Hilo la fundi mimi nililielewa kuliko wengi mle ukumbini. Nimezaliwa Unguja, na ami yangu alikuwa akipiga ganuni. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na kabla ya taarabu ami alikuwa akikaa peke yake saa nzima na ufunguo wake, anavuta, anasikiliza, analegeza. Watoto tulikatazwa hata kukohoa. Nilijua mtu aendaye na chombo chake na fundi wake hadi upande wa pili wa dunia anatafuta nini.

Alianza na Scarlatti, sonata ya polepole, kwa sauti ya chini mno. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kishindo, maana ndiyo sifa aliyosifiwa. Badala yake watu 2,000 hivi, waliokaa na waliosimama, walilazimika kuzuia pumzi. Kutoka kule juu niliiona mikono yake vizuri. Vidole alivilaza, karibu vinyooke, havikupinda kama wanavyofundishwa watoto. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilijikunja ndani, kikakaa hapo kimya, na noti yake ilipofika kikafyatuka, kikagonga, kikarudi kujikunja. Kila sauti ilikuwa na umbali wake. Moja iko karibu na sikio, ya pili iko nyuma ya mlango. Ami angeitambua kazi hiyo mara moja.

Baada ya Mozart alipiga Rachmaninoff, kisha Scriabin, na hapo bibi wa kando yangu akashika mdomo. Kwa Warusi wale hayakuwa majina ya vitabuni. Horowitz alipokuwa mtoto Kiev alipelekwa kumpigia Scriabin mwenyewe, na wiki ile ile ya Moscow alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya Scriabin, ambayo sasa ni makumbusho. Rachmaninoff naye alikutana naye New York Januari 1928, siku chache kabla ya onyesho lake la kwanza Carnegie Hall. Walishuka chumba cha chini cha Steinway, kijana akapiga Konsato ya Tatu, na mtunzi mwenyewe akakaa kwenye piano ya pili akapiga sehemu ya okestra. Urafiki wao ulidumu mpaka Rachmaninoff alipofariki 1943.

Mimi naona siri ya siku ile imo katika nasaba. Nasaba ya mikono, si ya damu. Mwalimu wa Horowitz huko Kiev alikuwa Felix Blumenfeld. Mpwa wa Blumenfeld alikuwa Heinrich Neuhaus, na Neuhaus ndiye aliyewafundisha Moscow Sviatoslav Richter na Emil Gilels. Tawi moja lilibaki, jingine likaenda Amerika, likaoa kwa Toscanini (mke wake Wanda alikuwa binti wa kondakta huyo), likapiga na mkwe wake Carnegie Hall mwaka 1943 onyesho lililouza hati za mkopo wa vita za zaidi ya dola milioni 10, likanyamaza miaka 12 bila kupanda jukwaani, likarudi 1965. Gilels alikuwa amefariki Oktoba 1985, miezi sita tu kabla. Wale waliokuwa wakilia ukumbini walimlia aliyerudi na waliokwishaondoka kwa pamoja.

Katika vya nyongeza alipiga Träumerei ya Schumann. Ni kipande kifupi, hata mwanafunzi wa miaka michache anaweza kukipiga noti zake. Filamu ya siku ile inaonyesha mwanamume mmoja kakaa wima, uso haukunjamani, chozi linamshuka shavuni na halifuti. Huko juu tulikuwa vivyo hivyo. Rafiki yangu wa fidla aliinamisha kichwa magotini. Mimi, niliyeingia na hasira ya Tripoli, nililia kwa sababu nilimkumbuka ami na ufunguo wake, na sikuwa nimefika nyumbani kwa miaka mitatu. Bibi alinipa leso yake bila kunitazama.

Jumapili iliyofuata Horowitz alipiga Leningrad. Siku moja kabla, Jumamosi tarehe 26, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulikuwa umelipuka, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mji aliozaliwa, na sisi Moscow hatukuambiwa kitu mpaka Jumatatu usiku.

Ni miaka 40 hivi sasa tangu siku ile, na wajukuu wangu wameniwekea kwenye simu rekodi yake, iitwayo Horowitz in Moscow. Naisikiliza usiku, mji ukishatulia. Kikohozi cha watu kimo, makofi yamo. Msomaji uliye na intaneti, itafute, na usiongeze sauti. Ukiiongeza utaharibu alichokifanya.

Horowitz alifariki nyumbani kwake New York tarehe 5 Novemba 1989. Kaburi lake liko Milan, pamoja na ukoo wa Toscanini. Kiev hakufika tena.