Jeneza Litapita Wapi?

Wiki iliyopita tuliandamana, sisi wanawake wa nyumba moja pamoja na watoto wanne, kwenda kutazama maonyesho ya usanifu wa majengo yanayozungushwa mji hadi mji. Mada yake ni maisha ya miji na mustakabali wake. Hatukupelekwa na mapenzi ya sanaa. Nyumba aliyotuachia marehemu babu katika Mji wa Kale, Mombasa, imepata mnunuzi atakaye kujenga ghorofa mahali pake, nasi warithi tumegawanyika.

Ukumbini palipangwa picha kubwa na mifano midogo ya miji iliyoundwa kwa mbao na karatasi ngumu. Tulisimama mbele ya mtaa wa kesho: majengo marefu, miti juu ya mapaa, njia za baiskeli. Ulipendeza, tusiseme uongo. Ahadi ya maji yasiyokatika pekee ingetosha kutuhamisha.

Bibi yetu, mzaliwa wa Lamu, aliinama akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza binti aliyekuwa akitoa maelezo: "Mwanangu, mtu akifa huku juu, jeneza litapita wapi?"

Binti akamwonyesha lifti. Bibi akaipima kwa kidole, akanyamaza kidogo. "Na matanga? Wanawake wataketi wapi?"

Binti, kwa adabu, akakiri kwamba hajapata kuulizwa hayo. Akamletea kiti.

Ndipo bibi alipowaeleza watoto nyumba aliyokulia: daka la mlangoni, ambapo mgeni wa kiume alipokewa bila ya kuingia ndani, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, ulioleta mwanga na hewa, vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Na wikio, chumba kilichovuka juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili za jamaa, wanawake wakatembeleana pasi na kushuka chini. Siku ya arusi au ya msiba, nyumba mbili zilikuwa moja. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, lakini bibi hana habari nao urithi huo. Yeye akumbukacho zaidi ni ngazi. Zilikuwa na giza, asema, na kila ndoo ya maji ilipandishwa kichwani.

Ubao mmoja ulimhusu Hassan Fathy, msanifu wa Misri aliyejenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor katika miaka ya 1940. Alitumia matofali ya udongo, akarudisha nyua na kuba, akawafikiria maskini. Hata hivyo, wengi wa waliojengewa walikataa kuhama, kwani walikuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na riziki yao ilitoka hapo. Fathy mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuweza kushauriana na wanawake, kwa kuwa waliwekwa ndani. Tulipomsomea bibi hayo, alicheka hata akafuta machozi. "Angemtuma mamake," akasema.

Usiku ule tulikutana na ndugu zetu wanaume. Mchoro wa mnunuzi ulikuwa katika simu zao muda wote. Sisi tuliutazama kwa mara ya kwanza. Tukauliza upana wa ngazi. Hakuna aliyejua. Ndugu yetu anayetaka sana kuuza, naye ana sababu, maana paa linavuja na karo haingoji, akachukua utepe akaenda kupima ngazi zetu za sasa. Akarudi kimya. Alikuwa mmoja wa waliomteremsha babu, na alikumbuka jinsi jeneza lilivyolazimika kuinamishwa penye kona.

Saini bado haijatiwa. Mchoro umerudishwa kwa mnunuzi pamoja na maswali matatu, ambayo bibi aliyaandika kwa herufi za Kiarabu nasi tukayanakili: jeneza, matanga, na mahali pa kuanikia nguo pasipoonekana na jirani.